Sifuri Ishirini na Moja

Suruali ya mlinzi ilirudishwa saa nane na nusu mchana, imekunjwa vilevile Bibi Povu alivyoikunja asubuhi, na mlinzi akaikunjua barazani majirani wakitazama. Ilikuwa imekwenda kufuliwa ikiwa nyeusi. Sasa mapajani ilikuwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa, na magotini haikuwa na rangi ambayo mtu angeitaja bila kufikiri kwanza.

"Nitazame vizuri, bibi," mlinzi alisema. "Mimi nalinda lango au nauza unga?"

"Nguo nyeusi za siku hizi ni nyeusi dukani tu," Bibi Povu akajibu. "Ukifika nazo nyumbani zinabadili dini."

Majirani walicheka. Mlinzi hakucheka.

"Hii ni ya tatu. Ya kwanza nilinyamaza, ya pili nikasema ni bahati yangu mbaya. Leo, nikiwa nimevaa ile ya pili, mkubwa wangu kaniuliza kama nimekuja kazini na nguo ya kulalia. Bibi, watu wanasema unatia dawa ya kung'arisha ili usisugue. Kama mikono imechoka, sema. Hakuna atakayekucheka."

Hapo Bibi Povu aliacha mzaha, na waliomjua walielewa kwamba amechomwa. Kwa miaka thelathini alikuwa akifua nguo za watu, na kwa kazi hiyo akamsomesha mwanawe wa pekee mpaka akawa seremala. Angeitwa mchawi angecheka. Kuitwa mvivu, tena mbele za watu, lilikuwa jambo jingine kabisa.

Mke wa mwanawe aliyasikia yote akiwa nyuma ya umati, koti jeupe la maabara mkononi, ndiyo kwanza anatoka zamu. Alikuwa mpimaji wa maji katika kituo cha umeme, na nyumba ile ya vyumba viwili na baraza pana ilikuwa ya kampuni, wamepewa kwa ajili ya kazi yake. Barazani ndipo mumewe alipofanyia useremala. Kazi ya mke ikienda, nyumba inakwenda, na randa na misumeno ya mume inakwenda nayo. Jambo hilo halikuwa likizungumzwa nyumbani, kwa kuwa kila mtu alilijua.

Mlinzi alipomwona, sauti ilishuka. "Si kwa ubaya, dada."

"Najua. Niachie hiyo suruali mpaka keshokutwa."

Ndani alimkuta mama mkwe ameketi kitandani, mikono imelala mapajani, viganja juu. Ngozi ya vidole ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta uliopigwa mvua.

"Mama, mikono hii tangu lini?"

"Sabuni mpya hii. Nimemwambia yule muuza duka, sabuni yako inakula watu."

"Na unafulia pale pale?"

"Pale pale mferejini. Nifulie wapi?"

Mfereji ule ulitoka chini ya ukuta wa kituo. Mitambo ya umeme inachemka, lazima ipozwe, kwa hiyo kituo kilivuta maji ya mto, kikayazungusha kwenye mabomba, kisha kikayatema mferejini yakiwa na uvuguvugu, yarudi mtoni. Wafuaji thelathini na kitu walikuwa wamepata riziki pale miaka mingi. Maji ya moto ya bure, nani ayaache?

"Na maji yakoje siku hizi?"

"Maji ndiyo yametengenea. Utelezi kwenye mawe hakuna tena, vyura wamehama, hata harufu yake ni ya usafi." Bibi Povu alimtazama. "Kwani wewe hunusi? Si unashinda humo humo?"

Hakuwa ananusa. Baada ya miaka sita katika chumba cha pampu, pua yake ilikuwa imekwisha kustaafu.

"Wala haina maana tena," Bibi Povu aliendelea. "Ijumaa wanatufukuza. Samaki wamekufa huko chini, kampuni inasema ni sabuni yetu. Wameandika kabisa kwamba maji yao yanapimwa kila siku na ni safi."

Barua yenyewe ilikuwa imebandikwa langoni tangu wiki iliyopita, mpimaji alikuwa ameipita mara kumi. Alikuwa ameisoma juu juu, kama mtu anavyosoma habari za watu wengine.

*

Kazi ya kupima klorini ni ndogo, na kwa udogo wake ni rahisi kuikosea. Klorini hutiwa kwenye maji yanayoingia ili kuua utelezi na kome wanaoziba mabomba. Maji yakitoka, iliyobaki isizidi sifuri nukta mbili, maana inayoua kome haichagui, itaua na samaki. Mita ya pale mtokeo, maji yanapomwagika mferejini, ilikufa mwaka jana, na ombi la mita mpya lilikuwa bado linasubiri sahihi ya mtu fulani. Kwa hiyo kila asubuhi mpimaji alishuka ngazi na kichupa cha kioo, akateka maji, akatia unga wa pakiti moja, akatikisa, akatazama. Klorini ikiwepo, maji yanageuka mekundu ya waridi, na uwekundu huo unalinganishwa na rangi za kwenye kisanduku zenye namba. Yakibaki meupe, unaandika sifuri.

Kwa siku ishirini na moja yalibaki meupe, naye akaandika sifuri na kutia sahihi.

Kesho yake, Jumanne, alishuka na kichupa kama kawaida, lakini suruali ya mlinzi ilikuwa kichwani mwake usiku kucha. Safari hii hakutikisa akitazama saa ya ukutani. Alitia unga huku macho yameganda kwenye kioo. Maji yaliwaka wekundu, kufumba na kufumbua, kisha yakawa meupe.

Alisimama pale na kichupa mkononi. Alimkumbuka mwalimu wake wa chuo, mzee mmoja mwenye mizaha, aliyekuwa akipiga ubao kwa kidole. "Unga huu una haya," alikuwa akisema. "Uonyeshe klorini kidogo, utaona haya, uwe mwekundu. Uonyeshe klorini iliyopita kiasi, haya zinaisha, unabaki mweupe. Sasa wanangu, mtu asiye na kosa na mtu asiye na haya, kwa nje wanafanana. Msije mkawachanganya." Darasa zima lilicheka. Yeye alicheka pia, akaandika kwenye daftari lake, akapata alama nzuri, na miaka sita baadaye akawachanganya.

Alifungua pakiti mpya. Kwa sirinji alivuta maji ya mtokeo mililita moja, akayatia kwenye mililita arobaini na tisa za maji yaliyosafishwa, yale ambayo watu wa magari hutia kwenye betri. Akatia unga. Wekundu ulikuja na ukakaa. Kisanduku kilisema sifuri nukta tatu. Mara hamsini.

Alipiga hesabu hiyo mara tatu, ingawa hata mwanawe mdogo angeiweza. Kumi na tano.

*

Mkuu wa maabara wafanyakazi walimwita Bwana Sifuri, kwa kuwa alipenda kuhutubia juu ya ajali sifuri, uchelewaji sifuri na malalamiko sifuri. Hakuwa mtu mkali. Mpimaji alipopata uchungu wa mtoto wa pili saa za kazi, ni gari la Bwana Sifuri lililomfikisha hospitali, na mkuu mwenyewe ndiye aliyeendesha.

"Kumi na tano," mpimaji alisema.

"Kumi na tano nini?"

"Miligramu kwa lita. Pale mtokeo. Mwisho wetu ni nukta mbili."

Bwana Sifuri alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Aliifuta muda mrefu.

"Unga wako umeharibika."

"Nimefungua pakiti mpya. Nimepunguza mara hamsini. Ikiwa kali inaufuta wekundu, ndiyo maana tulikuwa hatuoni kitu."

Hakushangaa. Mpimaji alimtazama vizuri, akaona kwamba hakushangaa hata kidogo.

"Funga mlango," Bwana Sifuri akasema. "Keti. Mabomba yalikuwa yameziba. Msimu wa joto huo unakuja, makao makuu wanataka umeme, na mitambo hawataki isimame hata siku moja. Nikafungua pampu ya dawa usiku na mchana. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemwambia mpimaji."

"Mpimaji alikuwa anaandika sifuri kwa kalamu yake mwenyewe. Nikadhani anaelewa kazi."

Neno hilo lilimwingia mpaka ndani. Bwana Sifuri aliona kuwa limeingia, akalainisha sauti.

"Sikiliza, dada yangu. Daftari lina sifuri ishirini na moja na sahihi zako ishirini na moja. Leo ukiandika kumi na tano, afisa wa mto anayekuja Ijumaa kupima maji atauliza jana ilikuwa ngapi, na juzi. Unadhani ataanza na mimi? Ataanza na mwenye sahihi."

"Basi funga pampu, mkuu. Leo."

"Jumatatu. Mabomba yatakuwa yamesafika. Nikipunguza sasa, Ijumaa unga utakuwa mwekundu mbele ya afisa. Nikiacha ilivyo, hautakuwa kitu." Alisema hayo kwa utulivu wa mwalimu anayeeleza hesabu za kujumlisha.

"Na wafuaji?"

"Mto ni mrefu. Watapata pengine."

"Mmoja wao ni mama mkwe wangu."

"Ndiyo maana nakueleza kwa upole. Una nyumba. Una watoto shuleni. Mume wako anafanyia kazi kwenye baraza la kampuni, na sisi tumefumba macho miaka yote hii." Akamsogezea daftari. "Nakusihi kama kaka yako."

Mpimaji alilitazama daftari. Mstari wa Jumanne ulikuwa mtupu, juu yake sifuri zimepangana na pembeni sahihi zake, zote zinafanana, nzuri, na mkia mrefu aliojifunza tangu shule ya msingi. Alikuwa akiipenda sahihi yake.

"Leo siandiki," alisema.

"Basi nitaandika mimi. Utatia sahihi kabla ya Ijumaa. Nenda kaoshe chupa."

*

Mumewe alikuwa akipiga randa mlango wa mteja aliposimuliwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza vumbi la mbao, akaiweka randa chini taratibu.

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilipaswa kujua."

"Hayo ni mambo mawili," seremala alisema. "Sasa tia sahihi, mama watoto. Pampu wanaifunga Jumatatu. Samaki waliokufa hawafufuki kwa kalamu yako. Tukitolewa hapa nitapiga randa wapi, kichwani?"

"Na mama?"

"Mama tutamlea. Aache kufua, amezeeka."

"Nani amezeeka?"

Bibi Povu alikuwa mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Alimpita mwanawe kana kwamba ni kiti, akaja mpaka mbele ya mkwewe.

"Rudia ulichosema."

Mpimaji alirudia.

"Yaani siku zote hizo ninazotukanwa, aliyeandika kwamba maji ni safi ni wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ambaye tunalala ukuta kwa ukuta."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Bibi Povu aliingia chumbani akafunga mlango. Seremala alitaka kumfuata, mkewe akamshika mkono. Mtoto mkubwa aliinua uso kutoka kwenye daftari lake la shule akauliza kama wanahama, na baba yake akamwambia amalize kuandika.

Robo saa ilipita. Bibi Povu alipotoka alikuwa na suruali ya mlinzi mkononi.

"Mkwe wangu, doa ukilificha kwa kukunja nguo, siku ya kuivaa linakuja mbele. Hilo kila mfuaji analijua. Lakini sikufundishi cha kufanya. Kazi ni yako na nyumba ni yenu, na mimi sikuomba kulelewa." Alimtupia mwanawe jicho. "Nakuuliza kimoja tu. Huyu mlinzi kesho atapita kuchukua suruali yake. Nimwambie nini?"

Mpimaji alinyoosha mkono. Aliipokea suruali, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Jumatano na Alhamisi alikwenda kazini akaosha chupa, na mara mbili Bwana Sifuri alimwita atie sahihi, na mara mbili alisema mikono yake ina maji.

*

Ijumaa saa nne asubuhi upande mmoja wa mfereji kampuni ilipanga viti vya plastiki vya wakubwa, na upande wa pili walisimama wafuaji na mabeseni yao. Hakuna aliyewaletea viti. Afisa wa mto alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabuti ya mpira, mwenye haraka, aliyekuja na sanduku lake la kupimia. Mlinzi alisimama nyuma ya wakubwa na suruali yake ile ile ya chai ya maziwa. Hakuwa na nyingine iliyobaki nyeusi.

Bwana Sifuri alisoma daftari kwa sauti, tarehe moja baada ya nyingine. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Kila aliposema sifuri, mfuaji mmoja aliyekuwa mbele alitikisa kichwa kama anayesomewa hukumu. Afisa alichukua daftari, akalipitia kwa kidole.

"Mistari mitatu ya mwisho haina sahihi."

"Mpimaji wetu ana homa," Bwana Sifuri alisema.

"Homa imeshuka," sauti ikajibu kutoka upande wa mabeseni.

Watu waligeuka. Alikuwa ameacha koti jeupe nyumbani. Alisimama na gauni lake la kila siku bega kwa bega na Bibi Povu, na ukimtazama haraka ungemdhania mfuaji. Seremala alikuwa hatua mbili nyuma yao, amekunja mikono. Alikuwa amekuja bila kuambiwa, na uso wake ulionyesha kwamba bado hakubaliani.

"Kwanza tupime," Bwana Sifuri alisema upesi. "Afisa apime mwenyewe kwa vifaa vyake, tumalize maneno."

Afisa aliteka maji, akatia unga, akatikisa, akakiinua kichupa juani. Maji yalikuwa meupe pe. Wafuaji waliona kama walivyoona wakubwa. Nguvu zikawaishia, na mmoja akaanza kuokota beseni lake.

"Mnaona wenyewe," Bwana Sifuri alisema. "Sisi hatuna ugomvi na mtu."

"Afisa, naomba urudie," mpimaji alisema. "Yapunguze kwanza. Klorini ikizidi inaufuta wekundu wake yenyewe. Usitumie maji yangu, wala ya kampuni. Gari lako lina maji ya betri?"

Afisa alishusha kichupa. Yeye naye aliwahi kuwa na mwalimu, bila shaka, maana uso ulimbadilika. Akamwita dereva. Chupa ilikuwepo, haijafunguliwa. Afisa aliifungua mwenyewe, akapima unga kwenye maji yale matupu, yakabaki meupe. Kisha akatia mililita moja ya mfereji kwenye arobaini na tisa, na unga wa pakiti nyingine.

Yakawa mekundu kama ulimi wa mtoto.

Wafuaji walivuka mfereji kwa miguu kuja kuona, na viti viwili vya plastiki vikaanguka. Afisa alilinganisha rangi, akazidisha kwa midomo.

"Kumi na tano," alisema. Kisha akasema tena, polepole, akimtazama Bwana Sifuri. "Kumi na tano. Na hizi sahihi ishirini na moja ni za nani?"

"Zake," Bwana Sifuri alijibu kabla swali halijafika chini. "Huyo huyo anayejifanya anajua. Sisi tulimwamini."

Bibi Povu hakumtazama mkwewe. Alitazama maji.

"Ni zangu," mpimaji alisema. "Nilikosea kama ulivyotaka kukosea wewe sasa hivi, afisa, ila mimi nilikosea siku ishirini na moja, na nililipwa mshahara nikikosea. Samaki hawakufa kwa sabuni. Nguo za watu hazikuharibiwa na mfuaji. Hizi tatu za mwisho si zangu. Huo ni mwandiko wa mkuu, na nilimwambia Jumanne saa tatu asubuhi. Naomba daftari."

"Hilo ni daftari la kampuni," Bwana Sifuri alisema.

"Sahihi ni yangu."

Afisa alimpa. Mpimaji alipiga goti, akaliweka daftari juu ya beseni lililopinduliwa, akaanza na sifuri ya kwanza. Aliikata kwa mstari mmoja, pembeni akaandika *si kweli*, akatia sahihi. Akaenda ya pili. Bwana Sifuri alimkumbusha juu ya nyumba, kwa sauti ya chini, akamkumbusha juu ya watoto. Yeye akaenda ya tatu. Ilichukua muda mrefu kuliko mtu angedhani, maana ile sahihi yake ilikuwa na mkia mrefu na hakuufupisha hata mara moja. Bibi Povu alikuwa akihesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, na alipofika ishirini na moja aliinua kichwa akamtafuta mlinzi.

"Baba, umesikia? Mikono haikuchoka."

Mlinzi alitazama magoti yake mwenyewe. "Nimesikia, bibi," alisema. "Nisamehe."

*

Wafuaji hawakufukuzwa, na hilo ndilo jema lote lililopatikana siku ile. Pampu ilipunguzwa. Afisa aliandika faili, na faili likaanza kutembea kutoka ofisi moja hadi nyingine, na mpaka leo linatembea. Bwana Sifuri yupo kazini.

Barua ya mpimaji ilikuja Jumamosi. Amefukuzwa kwa uzembe wa siku ishirini na moja, nyumba airudishe ndani ya siku saba. Aliisoma akiwa amesimama. Haikuwa na uongo hata mstari mmoja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi ya kufukuzwa kwenyewe. Siku hiyo alilia, akalia sana, na Bibi Povu alikaa kando yake bila kumwambia anyamaze.

Walihamia chumba kimoja ng'ambo ya mfereji, watu watano. Langoni mizigo ilipekuliwa, ni sheria, mtu asitoke na mali ya kampuni. Mlinzi alifungua sanduku la misumeno, akalifunga. Akafungua beseni la Bibi Povu, akatia ndani suruali mbili na shati, akalifunga.

"Nitazifuata Jumanne, bibi," alisema.

Seremala alipiga randa uchochoroni, chini ya turubai, na wiki mbili hakuzungumza sana. Siku ya kumi na tano alimwita mkewe aje aone kitu. Ulikuwa ubao wa mbao nzuri, umesuguliwa, umepakwa rangi nyeusi, wenye miguu miwili mirefu.

"Mteja gani huyu?" mkewe akauliza.

"Hana pesa," seremala alisema. "Ila nalala naye. Ingia ulete chaki."

Wafuaji walichanga wakanunua pakiti za unga. Maji ya betri yanauzwa kila gereji. Kisanduku cha rangi kilikuwa cha zamani, alichokuwa nacho mpimaji tangu chuo. Ubao ulichimbiwa ukingoni, nje ya uzio wa kampuni kwa hatua moja na nusu, seremala aliipima kwa futi kamba mlinzi akiwa shahidi, na uso wa ubao ulielekezwa kwenye dirisha la maabara. Kampuni ilikuwa imeajiri mpimaji mpya, kijana mpole. Walisikia kwamba anaandika sifuri.

Tangu hapo hakuna nguo iliyoguswa na maji kabla ya ubao kuandikwa. Wafuaji walikuja alfajiri, wakapanga mabeseni, wakaketi juu ya mawe mikono imekunjwa. Kutoka juu, dirishani, walionekana watu thelathini wasiofanya kitu, wanangoja mwanamke mmoja aliyechuchumaa na kichupa.

Asubuhi moja wekundu ulikuja bila maji kupunguzwa, ukakaa. Mpimaji aliulinganisha, akapima tena kwa pakiti nyingine. Mara zote mbili alitazama kioo tangu unga ulipogusa maji.

"Ngapi leo?" Bibi Povu aliuliza. Ngozi ya vidole ilikuwa imeanza kurudi.

"Nukta nne. Imepita."

Nukta nne maana yake siku nzima bila kufua, na nguo za watu zinangoja. Juu pale pazia la maabara lilisogea, mtu akasimama akitazama.

Hakuna aliyeinuka kuondoka. Mpimaji alichukua chaki.

"Andika," Bibi Povu alisema. "Andika kubwa, mwanangu, yule bwana anavaa miwani. Na chini yake utie sahihi, ile ile yenye mkia."